Diski za pamoja ofisini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Lazima fundi apite meza kwa meza kuunganisha diski ya pamoja."
Si lazima. Ofisi inayotumia Windows na Active Directory (mfumo wa kusimamia akaunti na kompyuta za ofisi kama kundi moja, yaani domeni) ina Drive Maps, sehemu ya kuunganisha diski za pamoja, ndani ya Group Policy (sera za mipangilio zinazotoka kwenye seva) tangu Windows Server 2008. Njia ya folda, mfano \\seva\uhasibu, huandikwa mara moja, ikapewa herufi ya diski (mfano H:) na kuelekezwa kwa kundi husika. Mhasibu akiingia kwa jina lake kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, anaikuta diski yake. Akihamia manunuzi, mbadilishie kundi, kisha atoke na kuingia upya.

"Asiyeiona herufi hawezi kuifikia folda."
Dhana hii ndiyo inayoumiza watu. Herufi ni njia ya mkato tu, haifungi chochote. Mfanyakazi yeyote akiandika \\seva\mishahara kwenye File Explorer, ataingia iwapo ruhusa za folda zinamkubali, hata kama hujawahi kumwekea diski hiyo. Mtu anapopitia mtandaoni hupimwa mara mbili: kwa ruhusa za kushirikisha folda na kwa ruhusa za NTFS (zilizowekwa kwenye faili na folda zenyewe ndani ya seva), na iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Kwa hiyo kuwapa wote ruhusa kamili upande wa kushirikisha si hatari endapo NTFS imebanwa vizuri. Hatari ni pale zote mbili zinapoachwa wazi kwa kuwa "diski haionekani kwao". Mishahara ya wenzako haistahili ulinzi wa namna hiyo. Ingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, andika njia nzima, uone kama unakataliwa.

"Nenosiri lililo ndani ya sera liko salama."
Hapana kabisa. Mipangilio ya sera hukaa SYSVOL, folda ya pamoja kwenye seva za domeni, ambako kila mtumiaji wa domeni anaweza kusoma. Nenosiri limefichwa kwa ufunguo ambao Microsoft wenyewe waliuchapisha hadharani. Sasisho la MS14-025 la Mei 2014 lilizuia kuweka manenosiri mapya, lakini halikufuta ya zamani. Tafuta neno cpassword kwenye faili za XML zilizomo. Ukilikuta na nenosiri lake, ondoa mpangilio huo na ubadilishe nenosiri siku hiyohiyo.

"Diski imetoweka, basi seva imekufa."
Angalia kwanza ruhusa za sera. Tangu sasisho la MS16-072 la Juni 2016, kompyuta nayo lazima iweze kuisoma sera ya mtumiaji. Kama uliondoa Authenticated Users (kundi la akaunti zote zilizothibitishwa), wape Domain Computers (kundi la kompyuta za domeni) ruhusa ya kusoma.

"Kilichopo kwenye diski ya pamoja tayari kina nakala."
Kipo mahali pamoja tu. Virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta moja, hufunga pia faili za seva ambazo mtumiaji huyo ana ruhusa ya kuzibadilisha. Nakala ya akiba ikae nje ya seva hiyo, mahali ambapo akaunti za wafanyakazi hazina ruhusa ya kuandika, na ujaribu kurejesha faili kutoka humo kabla hujazihitaji.