Kiinitete cha farasi cha maabara: maana yake

Sokoni Kapchorwa, hapa Uganda, nilimwonyesha mzee mmoja video kwenye simu, punda wake wawili wakiwa wamesimama kando wakisubiri kupakiwa mahindi. Kwenye video, mtaalamu ameinamia darubini na sauti inaeleza kuwa farasi fulani wa mashindano alianzia pale. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo huyo farasi hana mama?" Nikamjibu, "Ana mama wawili, mzee." Akacheka, akidhani namtania.

Kiinitete ni mnyama katika siku zake za mwanzo kabisa, pale yai la jike linapoungana na mbegu ya dume na kuanza kujigawa, seli moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Kwa kawaida kazi hiyo hufanyika ndani ya mrija unaotoka kwenye ovari kwenda kwenye mji wa mimba. Farasi naye ana maajabu yake. Yai lisilopata mbegu hukwama mrijani, wala halishuki. Kiinitete kikifika karibu siku ya sita hutoa kemikali iitwayo prostaglandini, mrija ukalegea, kikapita. Ni kama kinabisha hodi ndipo mlango ufunguliwe.

Basi kukuza kiinitete maabarani ni kuifanya kazi ya mrija ule nje ya mwili, hakuna zaidi. Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi, na maabara inahusika na saba hadi kumi tu za mwanzo. Ndiyo maana jina "farasi wa chupa" halinipendezi: chupa yenyewe haizai, na miezi kumi na moja inayobaki inabebwa na tumbo la farasi jike kama kawaida.

Wengi huchanganya jambo hili na uhimilishaji, ule ambao daktari wa mifugo huja na mtungi wa naitrojeni na kuingiza mbegu za fahali kwa ng'ombe. Katika uhimilishaji yai haliguswi, linabaki ndani ya mama. Hapa yai lenyewe linatolewa nje. Daktari anaongozwa na altrasaundi, anapitisha sindano ndefu hadi kwenye ovari na kunyonya maji ya vifuko vya mayai. Kwa ng'ombe yai hutoka kirahisi. Kwa farasi limeshikamana sana na ukuta wa kifuko, kwa hiyo inabidi kifuko kisafishwe kwa maji mara kadhaa huku sindano ikizungushwa kukwangua kuta. Tena dawa za kumfanya jike atoe mayai mengi kwa mpigo, ambazo kwa ng'ombe hufanya kazi vizuri, kwa farasi huleta mafanikio madogo. Kila yai ni mali.

Mayai hayo yanakuwa bado machanga. Yanawekwa kwenye kimiminika chenye lishe, ndani ya kabati la joto lililo karibu na joto la mwili, kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo, hadi yapevuke. Kisha yanakutanishwa na mbegu.

Hapo ndipo farasi alipowashinda wataalamu kwa miaka mingi. Mtoto wa kwanza wa binadamu aliyetungwa nje ya mwili alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Ndama wa kwanza wa njia hiyo alifuata Marekani mwaka 1981. Farasi wa kwanza alizaliwa Ufaransa mwaka 1990, watu wakadhani mlango umefunguka, lakini njia ile haikurudiwa kwa uhakika. Yai halikuwa na kosa. Mbegu ya farasi ikiwekwa tu kwenye sahani pamoja na yai haipati ule uamsho inaoupata ndani ya mwili wa jike, hivyo haiwezi kupenya ganda la yai.

Wataalamu wakatafuta njia ya pembeni: kuchukua mbegu moja kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele na kuiingiza moja kwa moja ndani ya yai. Mtoto wa kwanza wa farasi kwa njia hii alizaliwa mwaka 1996 kupitia kazi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, na mpaka leo ndiyo njia inayotumika zaidi. Faida yake ni kwamba dume aliyekufa akiacha mirija michache ya mbegu zilizogandishwa bado anaweza kupata watoto, kwa kuwa yai moja linahitaji mbegu moja. Mwaka 2022 tu ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipotangaza namna ya kufanya mbegu ziingie zenyewe. Walizilea kwanza peke yake, pamoja na dawa maalumu, kwa saa 22. Miaka thelathini ya kukwama, na jibu lilihitaji subira ya usiku mmoja!

Yai likishatungwa linakaa kwenye kabati lenye oksijeni kidogo kuliko hewa tunayovuta, hadi kiinitete kiwe mpira mdogo wenye uwazi ndani, unaoitwa blastosisti. Kukisoma kwa macho ni kazi, maana yai la farasi limejaa mafuta na linaonekana jeusi chini ya darubini. Na kuna jambo maabara haijaliweza sawasawa: utando mgumu unaokizunguka kiinitete cha farasi wiki ya kwanza ikiisha. Huo hujijenga vizuri kikiwa ndani ya mji wa mimba. Kwa hiyo lazima kirudishwe kwa jike mwingine, au kigandishwe kwenye naitrojeni kwa nyuzi 196 chini ya sifuri kikisubiri.

Huyo jike mwingine ndiye mama wa pili niliyemwambia mzee. Aliyetoa yai ndiye mama wa damu, na mtoto hufanana naye. Mbebaji anatoa tumbo na maziwa. Mwaka 1984, kwenye bustani ya wanyama ya Louisville huko Marekani, farasi jike alizaa punda milia aliyepandikiziwa akiwa kiinitete. Hicho hakikukuzwa maabarani, kilitolewa kwa mama yake na kuhamishwa. Lakini mistari yake ilikuwa kama ya punda milia wetu wa Ziwa Mburo, wala tumbo la farasi halikuifuta.

Kwa nini mtu aingie gharama hizi? Jike wa polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, au wa kuruka viunzi anaendelea kushindana huku watoto wake wakibebwa na wengine, na jike aliyeharibika mji wa mimba bado ana mayai mazuri. Ila kwa farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred haisaidii kitu: daftari lao la ukoo linamkubali tu mtoto aliyepatikana kwa dume kumpanda jike, na hata uhimilishaji wa kawaida hawautaki.

Mzee alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali lililonishinda: hao mama wawili, mtoto akipotea jioni, atamfuata nani?