Je, wajua kwa nini chai ya walimu ya saa nne inamhusu mwanao?

Mzazi akiingia shuleni saa nne na robo asubuhi, akawakuta walimu wameketi chini ya mwembe, vikombe mkononi, sinia la mihogo katikati, wanacheka, huwa ana hitimisho lake tayari: ndiyo maana watoto hawafaulu. Mimi nilishasemwa hivyo, tena nikiwa na andazi mdomoni. Siku ile sikujibu. Jibu lipo, ila ni refu kidogo.

Tuanze na jambo linaloshangaza wasiofundisha: ualimu ni kazi ya upweke. Mtu anayeshinda na watoto 70 darasani atakuwaje mpweke? Ni upweke wa mtu mzima aliyezungukwa na watoto. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliifananisha shule na trei ya mayai. Kila yai na kishimo chake, hakuna linalogusa jingine. Mpangilio huo una faida kwa mwenye trei, kwa sababu yai moja likitoka unaweka jingine mahali pale pale na mengine hayatikisiki. Mwalimu akihama, akiacha kazi, akienda likizo ya uzazi, darasa lake linapewa mtu mwingine na shule inaendelea. Ila wakati wote huo mwalimu wa darasa la tatu hajui jirani yake wa la nne anafundishaje, ingawa kinachowatenganisha ni ukuta wa tofali.

Hesabu siku yake. Anafika kabla ya saa moja na nusu, anasaini daftari la mahudhurio. Kama ana zamu, anasimamia usafi na mstarini. Kisha vipindi vya dakika 40, kimoja baada ya kingine. Serikali ya Tanzania imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi, lakini mwenye macho akipita mijini na vijijini ataona madarasa yaliyokivuka mbali. Mwenye watoto 70 akitoa mazoezi matatu kwa siku ana madaftari 210 ya kusahihisha. Hapo mtu mzima mwenzake atazungumza naye saa ngapi?

Saa nne. Basi.

Sasa sikiliza kinachosemwa pale. Ndiyo, wanaongea mpira, bei ya mchele, na nani kahamishwa. Lakini katikati ya hayo mmoja anauliza, "Madam, yule mtoto wa mwisho dirishani, kwako anasoma?" Mwenzake anamjibu, "Herufi anazijua. Ukimuunganishia silabi anapotea." Wa tatu anadakia kwamba kaka yake alikuwa hivyo hivyo, kumbe haoni ubaoni. Dakika mbili, na mtoto amefanyiwa uchunguzi na watu watatu wanaomfahamu. Sijawahi kuhudhuria semina iliyonipa kitu kama hicho kwa muda mfupi hivyo.

Ila lipo sharti. Ili mwalimu aseme mbele ya wenzake kwamba nusu ya darasa lake haijui kusoma, lazima awe na hakika kwamba maneno hayo hayatarudi kwake Ijumaa kama barua ya "toa maelezo kwa maandishi". Asipokuwa na hakika hiyo, atasema wanaendelea vizuri. Mwenzake naye atasema wanaendelea vizuri. Watoto watapanda madarasa kwa mwendo huo wa kuendelea vizuri hadi la saba, ndipo watu waanze kushangaa kwamba kuna mtahiniwa asiyeweza kusoma swali. Tatizo hilo lilikuwepo tangu la pili, na mtu mmoja alilijua. Hakuwa na mahali pa kulisemea.

Kwamba jambo hili linaathiri matokeo kweli, wapo waliolipima. Chicago, jiji la Marekani, ilikuwa na shule za msingi zilizosifika kwa hali mbaya, na mwaka 1988 sheria mpya ikahamishia madaraka mengi kwenye kila shule na baraza lake la wazazi, walimu na wakazi. Katika miaka ya 1990 shule nyingine zikapanda, nyingine zikabaki palepale, ingawa sheria ilikuwa moja. Watafiti wa elimu Anthony Bryk na Barbara Schneider walitumia takwimu za shule za msingi zipatazo 400 za jiji hilo kutafuta tofauti, na mwaka 2002 wakachapisha walichokiona: kuaminiana. Shule ambazo mwaka 1994 walimu wake walikuwa wakiaminiana sana zilikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuwa miongoni mwa zilizoboresha hesabu na kusoma. Zile ambazo watu wake hawakuaminiana, moja kati ya saba.

Watafiti hao walisema mtu humpima mwenzake kazini kwa mambo manne: heshima, kujaliana, umahiri wa kazi, na uadilifu. Ukiyasoma haraka yanafanana na maneno ya bango la ukutani. Kwa mtu aliyekaa ofisi ya walimu, kila moja lina sura yake.

Chukua uadilifu. Mwalimu mkuu anaweza kuhutubia umoja na mshikamano kutwa nzima, lakini walimu wanaangalia mambo mawili tu: semina inapokuja anakwenda nani, na majina ya kusimamia mtihani wa darasa la saba anapeleka ya nani. Pana posho hapo, ndogo kwa mtazamo wa mtu wa nje, lakini inalipa ada ya mtoto au bati tano za nyumba inayojengwa polepole. Majina yakiwa yale yale mwaka wa tatu mfululizo, ile chai ya saa nne inageuka. Watu wanakunywa makundi makundi, wawili nyuma ya choo, watatu kwa mama muuza, na kinachozungumzwa ni majungu. Vikombe ni vilevile, sukari ni ileile. Niliwahi kufanya kazi na mkuu aliyebandika orodha ukutani: nani kaenda semina gani, tarehe gani, na nani anafuata. Karatasi moja ya daftari. Ugomvi wa miaka ulikwisha kwa karatasi ile, na hakuna aliyehubiriwa.

Heshima nayo ina kalamu yake, ile nyekundu. Shule nyingi mkuu hupiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio saa ya kuripoti ikifika, na anayekuja baadaye anasaini chini yake. Siupingi mstari, watoto wanasubiri. Lakini kuna mkuu anayeupiga kisha akakuita pembeni, "Mwalimu, wiki hii mara tatu, kwema nyumbani?" Na kuna anayeupiga kisha akakusema mstarini, watoto 900 wakisikiliza. Wa kwanza atagundua kwamba una mgonjwa. Wa pili atapata mwalimu anayefika mapema kila siku na kukaa tu.

Kujaliana kwetu hakuhitaji tafsiri, tuna misiba. Mwalimu akifiwa, anayeandika majina ya rambirambi hupita dawati kwa dawati, na wenzake hugawana vipindi vyake bila kuandikiana memo. Mkuu akija mwenyewe msibani, akakaa kwenye mkeka kama wengine, mwalimu huyo atakuwa amepata kitu ambacho ofisi haina bajeti nacho. Vivyo hivyo kwa ajira mpya: kijana kapangiwa kituo asichowahi kukisikia, anashuka kwenye basi na begi na godoro, nyumba ya mwalimu hakuna. Usiku wake wa kwanza analala kwa nani? Wengi wanaoanza kuomba uhamisho mapema hawakukimbia watoto. Hawakupokelewa.

Hapo ndipo ustawi wa mwalimu unapoacha kuwa jambo lake binafsi. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kuchoshwa na kazi kwa miongo mingi, anaeleza hali hiyo kwa dalili tatu: nguvu kuisha kabisa, kuanza kuwaona unaowahudumia kama mizigo, na kujiona hufai tena. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiweka katika orodha yake ya kimataifa kama hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Dalili ya pili ndiyo inayomgusa mtoto moja kwa moja. Ukisikia mwalimu aliyekuwa mchangamfu anaanza kusema "hawa hata ufanyeje", usimhukumu haraka.

Na mara nyingi kinachomchosha si darasa, ni deni. Mikopo ya kausha damu imewaumiza walimu wengi: mkopeshaji anabaki na kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia anachukua yeye kwanza, mwalimu anabakiwa na nauli. Mtu wa namna hiyo anaingia darasani akiwa anafanya hesabu nyingine kichwani. Shule ambazo walimu wanaaminiana huwa na kinga ndogo dhidi ya hili: mfuko wa kufa na kuzikana, mchezo wa kupeana kwa zamu, saccos iliyosimama vizuri. Laki moja ya dharura inapatikana kwa mwenzako kabla hujafika kwa yule wa kadi. Lakini nani ataweka fedha kwenye mfuko unaotunzwa na mtu asiyemwamini? Tumerudi palepale.

Nisije nikaeleweka kwamba chai inatosha. Mwalimu anayedai malimbikizo hashibi mihogo, na kuaminiana hakujengi nyumba wala hakupunguzi watoto darasani. Ukubwa wa shule wenyewe ni kikwazo: Chicago waliona kuaminiana kunashika zaidi katika shule ndogo, zenye wanafunzi 350 au chini ya hapo. Dar es Salaam tuna shule zilizojaa hadi zikagawanywa A na B kwenye uwanja mmoja, na nyingine zinazopokezana asubuhi na mchana. Wa asubuhi akitoka, wa mchana anaingia. Chai yao haikutani.

Kwa hiyo ukitaka kuijua shule utakayompeleka mwanao, usiulize kwanza wastani wa mtihani. Nenda saa nne. Usiwahesabie walimu dakika; angalia kama wamekaa pamoja au vijiwe vijiwe, na kama yule aliyeripoti juzi ana kikombe. Kisha tafuta mwalimu mkuu anakunywa chai wapi: yuko na wenzake chini ya mwembe, au kikombe chake kimepelekwa ofisini na mtoto wa darasa la sita, kimefunikwa kisosi.