Golemu si roboti wa udongo

Wiki hii nimeletewa mswada mwingine wa bunilizi ya kisayansi, na ukurasa wa kwanza tu nikakutana na jambo lile lile: kikosi cha golemu mia mbili, "roboti wa udongo wa Wayahudi wa kale", wako lindoni getini, wanapiga soga. Nimehariri hadithi za aina hii miaka mingi, na hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Golemu, kiumbe wa hadithi za Kiyahudi anayefinyangwa kwa udongo akapewa uhai, hasemi. Ukishampa ulimi, umeandika kiumbe kingine.

Neno lenyewe ni la Kiebrania, limo kwenye Zaburi 139:16. Biblia zetu nyingi zinasema "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika". Hapo penye "kabla sijakamilika" ndipo lilipo. Ni donge ambalo bado halijawa mtu. Kwenye Talmud, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, mwanazuoni Rava anaumba mtu, anamtuma kwa Rabbi Zeira. Zeira anamsemesha, hajibiwi, basi anamwamuru arudi mavumbini kwake. Hakumpima mabavu wala utii. Alimpima kwa maneno, yakatosha. Karne nyingi baadaye Rabbi Tzvi Ashkenazi alijadili kama golemu anaweza kuhesabiwa miongoni mwa wanaume kumi wanaotakiwa kwa sala ya pamoja ya Kiyahudi, akaamua hapana.

Kuna wanaonijibu, "Lakini yule wa Prague alikuwa mlinzi!" Rabbi Loew wa Prague, anayesemwa ndiye aliyemuumba, alifariki 1609. Visa vinavyomhusisha na golemu vilianza kuchapishwa karne ya 19, na golemu anayezunguka usiku kuwakinga Wayahudi dhidi ya uzushi kwamba wanaua watoto alienezwa na kitabu cha Yudl Rosenberg cha 1909. Golemu askari, basi, ni kijana. Kisa kilichotangulia hicho, kile alichokiandika Jacob Grimm, mkusanyaji wa hadithi wa Kijerumani, mwaka 1808, ni cha mtumishi wa nyumbani.

Na hicho ndicho ningependa kila mwandishi akisome polepole. Kwenye paji la golemu imeandikwa emet, yaani ukweli, kwa herufi tatu za Kiebrania: alefu, mem, tav. Futa alefu, inabaki met, amekufa, neno la ukoo mmoja na mauti yetu. Tatizo ni kwamba golemu anakua kila siku. Bwana wake anazubaa, siku moja anajikuta haifikii tena ile herufi. Anamwamuru amvue viatu. Golemu anainama, bwana anafuta, na lundo lote la udongo linamwangukia na kumponda. Golemu hakuasi hata mara moja. Alitii mpaka mwisho, na bwana akafa.

Roboti asili yake ni nyingine. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alilitoa neno hilo kwenye tamthilia yake ya 1920 kutoka robota ya Kicheki, ambayo Kiswahili kina neno lake kabisa: shokoa, kazi ya kulazimishwa. Roboti wa tamthilia ile hawakuwa hata wa chuma. Na walisema! Serikali ziliwapa silaha wakawa askari, kisha wakatoa tamko dhidi ya wanadamu. Roboti anaweza kudai haki kwa sababu ana ulimi. Golemu hana pa kuanzia. Kwa msomaji wa Kitanzania, msukule yuko karibu na golemu kuliko roboti: inasemwa hukatwa ulimi, akalimishwa usiku. Ila msukule alikuwa mtu akanyang'anywa utu, golemu hakuwahi kuufikia.

Kuna mmoja ananisumbua, nakiri. Stanisław Lem, mwandishi wa Poland, aliandika kuhusu kompyuta ya jeshi la Marekani iitwayo Golem XIV, iliyoundwa kupanga vita, ikakataa na kuanza kutoa mihadhara. Inasema kurasa kwa kurasa. Kwa kanuni yangu ingepaswa kuvuliwa jina, na bado kila nikiisoma naona jina limeikaa: waundaji wamesimama chini yake, hawaufikii tena ule uso. Huenda urefu ndio unaomfanya golemu, kuliko ububu. Nimebadili mawazo juu ya hili zaidi ya mara moja.

Mswada nimeurudisha. Soga za getini nimezipigia mstari, na pembeni nimemwandikia mwandishi: "Herufi iko wapi, na nani bado anaifikia?"