Utani Unapogeuka Uonevu Chuoni

Tabora ni mji wa utani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya misafara hadi pwani katika karne ya 19 walijenga utani na Wazaramo na watu wengine wa njiani, na mtani wa kweli hufika msibani akafanya vituko, kisha akabaki kusaidia kazi za mazishi. Ndiyo maana mwanafunzi anayeitwa mbele ya mshauri wa wanafunzi kwa kumwonea mwenzake hukimbilia kusema, "Nilikuwa namtania tu."

Kauli hiyo ipimwe. Utani huenda na kurudi. Mwanafunzi Muha kutoka Kasulu, karibu na mpaka wa Burundi, anayeitwa "Mrundi" kila anapofungua mdomo, anayeulizwa mbele ya darasa atarudi lini kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ambaye picha yake imegeuzwa kichekesho kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hana la kurudisha, kwa kuwa yeye ni mmoja na wanaocheka ni darasa zima. Mara nyingi halalamiki, bali hunyamaza: haulizi tena swali, humwachia mwenzake kuwasilisha kazi ya kikundi, na huenda kwa mama ntilie saa tisa, wenzake wakiwa wameshaondoka. (Na Mrundi halisi, akiwapo darasani, anastahili heshima ile ile.)

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi na inataja waziwazi utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, dini na jinsia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamwadhibu anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wanafunzi wengi hushtuka kusikia kiwango hicho.

Aliyeona ujumbe wa namna hiyo aupige picha kwenye simu kabla haujafutwa, aandike tarehe na majina ya waliokuwapo, kisha aufikishe kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia. Asingoje aliyeonewa aanze, kwani huyo ndiye mwenye hofu kubwa zaidi. Viongozi wa mabweni nao waache mazoea ya kumhamisha chumba mlalamikaji "ili apate amani". Anayestahili kufunga virago ni yule aliyemkosesha amani hiyo.