Je, wajua kwa nini karasha likizunguka kasi mno haliisagi dhahabu?

Kwa wachimbaji wadogo wa Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida, mwamba wa dhahabu husagwa kwa karasha: pipa la chuma lililolazwa, lenye gololi za chuma, maji na mawe yaliyokwisha kupondwa. Mwenye haraka hushawishika kuongeza kasi. Akizidisha, umeme unaliwa bure, jiwe linabaki vilevile.

Kinachosaga ni gololi kuporomoka, na ili iporomoke lazima kwanza ipande. Msuguano wa ukuta ndio huipandisha, lakini chuma kwa chuma chenye tope huteleza: msuguano ukiwa sehemu 0.3 tu ya mkandamizo, rundo huanza kuteleza likifika nyuzi 17 hivi kutoka chini. Ndiyo maana mafundi huchomelea flatibaa, yaani vyuma bapa virefu, ndani, kwa urefu wa pipa. Zikilika, gololi hujikokota chini na kuula ukuta badala ya mwamba.

Kasi ikipanda, ukuta huzikandamiza gololi zaidi, na msuguano nao hukua. Hatimaye, gololi ikifika juu kabisa, uvutano wote wa dunia huishia kuipinda ifuate duara. Haubaki wa kuiangusha. Gololi zinagandia ukutani. Uzito wake haubadilishi kitu, kwani gololi nzito huvutwa zaidi lakini pia huhitaji kani kubwa zaidi kupindwa. Kipenyo ndicho kinachoamua.

Chukua kipenyo cha ndani cha pipa kwa mita, toa kipenyo cha gololi, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 42.3 kwa jibu hilo. Pipa la mita 0.9 lenye gololi za sentimita 5 hugandisha kwenye mizunguko 46 kwa dakika. Kazi nzuri iko asilimia 65 hadi 75 ya hapo, yaani mizunguko 30 hadi 34. Pipa la mita 1.2 linataka 26 hadi 30 tu, kwa hiyo usinakili puli (gurudumu la mkanda linaloamua kasi) ya jirani mwenye pipa dogo!

Weka alama ya chaki kwenye pipa, uhesabu dakika nzima. Kisha sikiliza. Mporomoko mzito usiokatika ni mzuri. Mlio mkali wa chuma kwa chuma maana yake gololi zinaruka rundo na kupiga ukuta mtupu, hapo zinapasuka. Mlio ukififia, zimegandia: punguza kasi. Kama kasi ni sahihi na bado kimya, huenda tope ni zito mno, ongeza maji kidogo kidogo.