Ritani za miaka iliyopita: usikubali zote zijazwe sifuri

Juzi dada mmoja muuguzi aliingia ofisini kwangu akaniwekea simu mezani. "Kaka, nimepata kazi ya kaunti lakini wanataka cheti cha KRA, na huku iTax inaonyesha sijajaza ritani tangu 2019. Kijana wa saiba ya intaneti anataka mia tano tu, zote atazijaza sifuri."

Ritani ni taarifa ya mapato ya mwaka, ambayo mwenye PIN (namba ya mlipa ushuru) huiwasilisha kwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kupitia mtandao wake wa iTax. Cheti anachodaiwa ni cha kuthibitisha kwamba ametimiza wajibu wake wa ushuru. Nilimsihi asimpe kijana huyo hata shilingi. Ritani ya sifuri ni kauli yako mwenyewe kwamba mwaka ule hukupata kipato chochote. Yeye alikuwa ameajiriwa na hospitali ya kibinafsi kuanzia 2019 hadi 2021, akikatwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara, kila mwezi, na mwajiri alikuwa akiyapeleka makato hayo KRA kwa PIN yake. Mwaka 2022 alifanya kazi ya ushauri, na waliomlipa wakamkata asilimia 5 wakaiwasilisha. Taarifa zote hizo KRA wanazo tayari. Ukificha mapato kwa makusudi, adhabu ni asilimia 75 ya ushuru uliokwepa. Ukichelewa kujaza, na mwajiri alikwisha kukata ushuru wote, faini ni shilingi 2,000 kwa mwaka. Inaniuma kuona mtu aliyekatwa ushuru wake wote akijigeuza mdanganyifu kwa sababu ya haraka ya jioni moja.

Sifuri ya kweli ipo, na wenye nayo ni wengi: wanafunzi waliochukua PIN kwa ajili ya mkopo wa elimu ya juu wa HELB wakakaa miaka bila kazi. Hao wajaze sifuri bila hofu, ila wajue ile 2,000 ya kuchelewa inawahusu pia.

Kwa hiyo tulikwenda mwaka kwa mwaka, tukianzia ule wa zamani zaidi. Kwa miaka ya ajira kinachohitajika ni P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya kila mwezi. Nenda kwa afisa wa mishahara, au mwandikie barua pepe ukitaja miaka unayoitaka. Kama kampuni ilifungwa, kusanya hati za malipo ya mshahara na taarifa za benki, kisha uzilinganishe na alichowasilisha mwajiri.

Mwaka 2020 unataka uangalifu wa pekee. Januari hadi Machi, nafuu ya mlipa ushuru, yaani kiasi anachopunguziwa kwenye ushuru wake, ilikuwa shilingi 1,408 kwa mwezi. Kuanzia Aprili, kwa sababu ya korona, ikapanda hadi 2,400, na kiwango cha juu cha ushuru kikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Januari 2021 asilimia 30 ikarudi. Ndiyo maana ukichukua viwango vya leo ukapigia hesabu ya 2020, jibu haliwezi kulingana na P9, na watu hudhani mwajiri aliwaibia. Hakikisha kipindi ulichochagua kwenye iTax ni 01/01/2020 hadi 31/12/2020 kabla ya kuandika tarakimu yoyote.

Sasa 2022, mwaka wenye deni. Tuseme malipo ya ushauri yalikuwa 600,000. Kwa viwango vya mwaka ule, 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, takriban 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Inatoka 117,400. Ondoa nafuu ya 28,800 (2,400 mara miezi 12), ondoa na 30,000 alizokatwa, anabaki na deni la 58,600. Angejaza sifuri, hizo 30,000 zake zisingehesabiwa popote. Na akiwa na risiti za gharama za kazi yenyewe, deni linapungua zaidi.

Wengi hawajui kwamba mwisho wa kulipa ni tarehe 30 Aprili, ingawa ritani inapokewa hadi 30 Juni. Riba huanza kuhesabiwa Aprili ikiisha. Deni hili lilitakiwa kulipwa 30 Aprili 2023. Akilipa mwishoni mwa Aprili 2026, riba ya asilimia 1 kwa mwezi inakuwa 586 mara miezi 36, yaani 21,096. Faini ya kuchelewa kujaza ni asilimia 5 ya deni, 2,930, kwa kuwa inapita 2,000. Faini ya kuchelewa kulipa ni 2,930 nyingine. Jumla 85,556. Kulikuwa na msamaha uliofuta faini na riba za hadi mwisho wa 2023 kwa aliyelipa ushuru wenyewe kabla ya tarehe 30 Juni 2025 kupita. Angekuja wakati ule angelipa 58,600 peke yake, na nilisikitika kumwambia.

Asiye na fedha zote aombe kulipa kwa awamu. Mpango ukikubaliwa na ritani zote zikiwa zimeingia, anaweza kuomba cheti.

2023 na 2024 hakuwa na kazi, hivyo sifuri ni halali, na 2,000 kwa kila mmoja. Ya 2025 mwisho wake ni 30 Juni 2026. Tumekwisha kutuma 2019 na 2020 na stakabadhi zimeingia kwenye barua pepe yake. Ya 2021 inasubiri P9, maana ile aliyopewa inaishia Septemba na yeye aliondoka Desemba. Amerudi hospitalini kuidai miezi mitatu iliyobaki.