Kwa nini runinga ya plazma hufifia dukani na kung'ara nyumbani?

Enzi ambazo runinga za plazma zilikuwa bado zinatengenezwa, jambo moja lilijirudia dukani. Mnunuzi alifika, akazikuta zimepangwa ukutani bega kwa bega na za LCD, aina nyingine ya runinga bapa, akatazama huku na huku, kisha kidole kikaelekea kwenye LCD kwa kuwa ndiyo iliyowaka zaidi. Plazma pale ilionekana imepauka. Suti nyeusi ya mtangazaji ilikuwa ya kijivu, na nyeupe yake ilikuwa kama ya shati lililofuliwa mara nyingi mno. Runinga hiyohiyo ikifika sebuleni usiku, taa zikapunguzwa, ungedhani umebadilishiwa. Giza la filamu likawa giza kweli, na rangi ya ngozi za watu ikapata uhai ambao LCD za wakati huo hazikuufikia.

Kioo ni kilekile, umeme ni uleule, filamu ni ileile. Kilichobadilika ni taa za chumba. Ukishaelewa kwa nini mwanga wa chumba una nguvu kiasi hicho juu ya plazma, maswali mengi ya kuichagua na kuiweka nyumbani hujijibu yenyewe. Plazma mpya hazipo tena, lakini za mkono wa pili bado zinapatikana, nyingine kubwa na nzuri sana, na anayeichukua leo anastahili kujua anachokichukua.

Ndani ya runinga hiyo kuna vioo viwili bapa vilivyobanana, na kati yake kuna vijumba vidogo vinavyoitwa seli. Picha huundwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili, na kila pikseli ina seli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kwa hiyo kuna seli zaidi ya milioni sita, kila moja imejazwa gesi, hasa neoni na zenoni. Umeme ukipita ndani ya seli, atomi za gesi hupoteza baadhi ya elektroni zake na gesi hugeuka kuwa plazma, ile hali ya nne ya maada ambayo si yabisi, si kimiminika, wala si gesi ya kawaida. Hapo zenoni hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo hugonga unga uliopakwa ndani ya seli, uitwao fosfa, na unga huo ndio unaotoa rangi tunayoiona.

Kama umewahi kuona taa ya tyubu imevunjika na kumwaga unga mweupe, tayari unaijua plazma. Kanuni ni ileile, ila katika tyubu kazi ya zenoni hufanywa na mvuke wa zebaki. Kwa maneno mengine, plazma ni taa za tyubu milioni sita zinazowaka na kuzima kwa amri, mara nyingi katika kila sekunde. Seli haijui kuwaka nusu. Ikitakiwa kuonyesha rangi hafifu, huwashwa mara chache, na ikitakiwa kung'aa huwashwa mara nyingi, kisha jicho letu hujumlisha.

LCD hufanya kinyume. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na mbele kuna kimiminika cha fuwele kinachoiziba pale panapotakiwa giza. Kuziba huko hakukamiliki, nuru kidogo huvuja, na ndiyo maana giza la LCD nyingi za zamani lilikuwa la samawati iliyofifia. Seli ya plazma ikizimwa imezimwa, isipokuwa mng'ao mdogo sana wa kuitayarisha iwake haraka. Kampuni ya Pioneer ilipambana na mng'ao huo hadi ikaupunguza sana, na mwaka 2007 ikatoa plazma zilizopewa jina la Kuro, neno la Kijapani lenye maana ya nyeusi. Sioni kama kuna jina la runinga lililowahi kuwa la kweli zaidi.

Turudi kwenye ule unga. Taa ya tyubu iliyozimwa ni nyeupe, kwa sababu fosfa kwa asili yake ni unga wa rangi nyeupe au inayokaribia nyeupe. Sasa fikiria mamilioni ya seli zilizopakwa unga huo zikiwa zimezimwa chini ya taa kali za duka. Mwanga wa duka hupenya kioo, hugonga unga, na kurudi machoni pa mnunuzi. Nyeusi ikawa kijivu, ingawa seli zenyewe hazikuwa zimewaka. Watengenezaji waliweka kichujio cheusi mbele ili kupunguza hali hiyo: mwanga wa nje hulazimika kukipita mara mbili, wa kuingia na wa kutoka, ilhali mwanga wa picha hukipita mara moja tu. Kilisaidia sana, lakini hakikulimaliza tatizo.

Kuna sababu ya pili, nayo watu wengi hawaijui. Plazma hula umeme kulingana na picha. Seli zote zikiwaka kwa mpigo, mahitaji ya umeme na joto hupanda mno, kwa hiyo runinga yenyewe hupunguza nguvu ya kila seli. Uwanja mweupe wa theluji unaojaza skrini nzima utaonekana hafifu kuliko unavyotarajia, lakini mshumaa mmoja katika chumba cheusi utawaka kwa nguvu zake zote. Duka linapenda kuonyesha picha zenye rangi kali na mwanga tele, yaani zilezile zinazoifanya plazma ijizuie. Filamu ya usiku, ambamo plazma hushinda, haionyeshwi dukani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza inchi ngapi, tazama chumba. Ikiwa kina madirisha mapana, na wewe hutazama zaidi mchana, plazma itakusumbua kila siku, na nakushauri bila kusita uchukue aina nyingine. Ikiwa muda wako wa kutazama ni jioni, au mapazia yako ni mazito, hapo ndipo mahali pake.

Kupata ukuta unaofaa kuna njia rahisi. Runinga ikiwa imezimwa, kaa kwenye kiti utakachotumia kila siku na uutazame ule uso wa kioo kama unavyotazama kioo cha kujitazamia. Dirisha utakaloliona humo, taa utakayoiona humo, ndivyo vitakavyokaa juu ya kila filamu utakayotazama. Isogeze au igeuze mpaka kioo kionyeshe ukuta mtupu. Dirisha likiwa ubavuni ni afadhali mara nyingi kuliko likiwa mbele ya skrini. Na usiku si lazima chumba kiwe kaburi. Taa ndogo iliyofichwa nyuma ya runinga, inayomulika ukuta, hupumzisha macho bila kuugusa unga.

Kuhusu ukubwa, inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Runinga ya inchi 50 ina kimshazari cha sentimita 127, upana wa takriban sentimita 111 na kimo cha 62, bila kuhesabu fremu. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwenye inchi 50 yenye pikseli 1920 kwa 1080, pikseli moja ina upana usiofika milimita 0.6, na hesabu inaonyesha kuwa jicho huacha kuzitofautisha ukiwa umbali wa karibu mita mbili. Modeli nyingi za inchi 50 zilikuwa na pikseli 1366 kwa 768, ambazo hupotea machoni kwenye karibu mita 2.8. Ikiwa kochi lako liko mita tatu kutoka ukutani, hutaiona tofauti kati ya hizo mbili. Lakini utaona tofauti ya weusi, tena kila usiku. Mimi ningechagua yenye giza zuri na pikseli chache kuliko yenye pikseli nyingi na giza la kijivu. Ukiwa na shaka na ukubwa, kata karatasi za vipimo hivyo, zibandike ukutani, ukae nazo siku mbili tatu.

Unapokagua iliyotumika, omba iwashwe na ionyeshe picha ya rangi moja iliyojaa skrini: nyeupe, kisha kijivu, kisha nyekundu. Tafuta kivuli cha nembo ya stesheni kwenye pembe, au mstari wa maandishi ya habari chini. Fosfa huzeeka kadiri inavyowaka, na nembo iliyokaa mahali pamoja kwa miaka huzeesha seli zake tofauti na jirani zake. Kivuli hafifu kinachopotea baada ya dakika chache za picha nyingine ni cha muda tu. Kisichoondoka ni alama ya kudumu. Sikiliza pia. Mvumo mdogo ni wa kawaida, ila ukiishi nyanda za juu sana unaweza kuongezeka, kwa sababu gesi ndani ya skrini ina shinikizo dogo kuliko hewa ya nje, na hewa ya mlimani huvibana vile vioo viwili kwa nguvu pungufu.

Wakati wa kuibeba, isimame wima safari nzima na wabebaji wawe wawili. Ya inchi 50 inaweza kuzidi kilo 30, na kioo chake kikilazwa huweza kupasuka kwa uzito wake chenyewe. Ukutani, skrubu zishike tofali au mbao imara, si plasta. Katikati ya skrini pawe sawa na macho ya aliyeketi, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Nyuma na juu acha nafasi ya hewa, maana joto lake si la mchezo. Wanaokaa pembeni wasijali, kwani plazma haibadilishi rangi ikitazamwa kwa ubavu.

Hatimaye mipangilio. Runinga nyingi hutoka zikiwa zimewekewa picha ya kushindana dukani: kali, yenye ubluu mwingi. Chagua ile ya sinema na rangi yenye joto. Siku mbili za kwanza utahisi picha ni ya njano. Vumilia, kwa sababu nyeupe ya filamu hupimwa kwa kiwango cha takriban kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na macho yako yatakizoea. Kitufe cha mwangaza, licha ya jina lake, hupanga zaidi weusi kuliko nuru. Kipange usiku, kwa picha ya mtu mwenye koti jeusi: pandisha mpaka mikunjo ya koti ionekane, kisha shusha taratibu mpaka koti liwe jeusi tena bila mikunjo kupotea. Ukali wa picha ushushe karibu na sifuri, kwa kuwa huchora tu mistari bandia kwenye kingo. Tafuta pia chaguo linaloonyesha picha nzima bila kuikuza, la sivyo kingo zake zitakatwa. Saa mia moja za mwanzo za skrini mpya zilihitaji uangalifu kuliko zote, lakini hata iliyotumika usiiache na nembo ileile au mistari myeusi ya pembeni kutwa nzima.

Teknolojia hii ilizaliwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson walikuwa wakitafuta skrini ya PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta, na skrini zilizotokana na kazi yao ziling'aa kwa rangi moja tu ya machungwa. Runinga za inchi 42 zilifika sokoni mwaka 1997. Mwaka 2013 Panasonic ilitangaza kuacha kuzitengeneza, Samsung na LG zikafuata mwaka uliofuata. LCD zilikuwa nyepesi, zilikula umeme kidogo, na chini ya taa za duka zilionekana bora. Leo OLED, aina mpya zaidi ya skrini, imerudisha wazo lilelile la pikseli inayojiwakia yenyewe, na pamoja nalo imerudisha tabia mbili za plazma: hupunguza nuru picha nyeupe inapojaa skrini, na huweza kubaki na kivuli cha nembo.